Namna ya Kupima Jinsi Udongo Unavyonasa Fosfati na Kuiandikia Modeli

Katika vilima vya magharibi mwa Kenya, kuanzia Vihiga hadi Siaya, na katika sehemu nyingi za udongo mwekundu za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, mkulima anaweza kutia mbolea za fosforasi kama DAP au TSP na bado akaona kingo za majani ya mahindi machanga zikigeuka zambarau, dalili ya mmea uliokosa fosforasi. Mbolea hiyo haikupotea hewani kama inavyoweza kupotea naitrojeni, na katika udongo wa aina hii ni nadra kuchukuliwa na mvua kwenda chini. Ipo palepale ilipowekwa, ila imenaswa na udongo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima unasaji huo maabarani na namna ya kuugeuza kuwa hesabu, yaani modeli, inayoweza kujibu swali. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kilimo, fundi wa maabara na mtafiti anayeanza. Anayetaka tu kujua anunue mbolea kiasi gani msimu huu atafaidika zaidi na kipimo cha kawaida cha fosforasi inayopatikana kwa mmea, kama kile cha Olsen, Bray au Mehlich 3, katika maabara kama ya Mlingano kule Tanga au ya Kabete jijini Nairobi.

Kinachotokea kwenye uso wa chembe

Udongo mwekundu una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi za chuma, hasa hematiti, nao ule wa manjano hupata rangi yake kwa goethiti. Uso wa oksidi hizi, pamoja na zile za alumini na kingo za mfinyanzi wa kaolini, umejaa makundi ya haidroksili na molekuli za maji zilizoshikamana na chuma au alumini. Fosfati, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, inapofika hapo huyasukuma makundi hayo na kuchukua nafasi yake, ikiungana moja kwa moja na chuma kwa kupitia oksijeni, mara nyingi kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo huu si mvuto wa chaji peke yake, kama ule unaoishika naitreti kwa ulegevu kiasi cha kuachiliwa na mvua ya kwanza. Ni kifungo cha kikemia, na ndiyo sababu fosfati hunaswa hata na uso ambao tayari una chaji hasi.

Kiwango cha asidi hubadilisha mambo kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Chini ya pH 7.2 fosfati nyingi iko katika umbo la H₂PO₄⁻, na juu ya hapo katika umbo la HPO₄²⁻. Wakati huohuo, kadiri pH inavyopanda, uso wa oksidi hupoteza chaji chanya. Kwa jumla oksidi hunasa fosfati zaidi katika hali ya asidi, lakini asidhani mtu kwamba chokaa itaifungua fosfati kila mara, kwa kuwa alumini iliyokuwa imeyeyuka huganda upya chokaa inapotiwa na kuunda uso mpya wenye njaa ya fosfati. Matokeo ya majaribio ya chokaa yamekuwa yakipingana kwa sababu hiyo.

Si kila udongo unaongozwa na chuma. Kwenye miteremko ya Meru, Kilimanjaro na Rungwe, na katika nchi ya volkano za Virunga, majivu ya volkano yamezaa alofani, dutu isiyo na umbo la fuwele yenye alumini nyingi na eneo kubwa mno la uso kwa kila gramu. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo hautambui sifa za udongo wa majivu mpaka, pamoja na masharti mengine, udongo unase asilimia 85 au zaidi ya fosfati iliyowekwa katika kipimo maalumu. Katika udongo wenye chokaa nyingi, kama ule uliotokana na mawe ya matumbawe pwani, kalsiamu ndiyo inayotawala: fosfati hukaa kwanza juu ya chembe za kalsiti, kisha kidogokidogo huganda kuwa madini ya kalsiamu fosfati yasiyoyeyuka kwa urahisi. Lijue kundi la udongo wako kabla ya kugusa chupa, maana modeli inayofaa Vihiga si lazima ifae Unguja.

Kazi ya maabara

Njia iliyozoeleka zaidi ni ile ya Fox na Kamprath ya mwaka 1970. Kausha udongo kivulini, uupitishe kwenye chekeche ya milimita 2, kisha pima gramu 3 katika kila chupa. Udongo wa majivu ya volkano usikaushwe, kwa sababu alofani ikishakauka hairudii hali yake ya awali; utumie ukiwa na unyevu wake na upime unyevu huo kando. Ongeza mililita 30 za mmumunyo wa kalsiamu kloridi wa moli 0.01 kwa lita uliotiwa fosfati kwa viwango vinavyopanda. Kalsiamu kloridi ina kazi mbili: huufanya mmumunyo ufanane kwa chumvi na maji yaliyomo kwenye udongo, na huugandisha mfinyanzi ili mmumunyo uchujike ukiwa safi. Gramu 1.47 za kalsiamu kloridi yenye molekuli mbili za maji hutosha lita moja.

Fosfati yenyewe hutokana na KH₂PO₄ iliyokaushwa vizuri: gramu 0.4394 katika lita moja hutoa miligramu 100 za fosforasi kwa lita, nawe unazimua kutoka hapo. Kwa udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, mfululizo wa miligramu 0, 2.5, 5, 10, 20, 40 na 80 kwa lita hufaa kuanzia. Kwa mchanga, ishia chini zaidi na uweke viwango vingi karibu na sifuri. Kila kiwango kiwe na chupa mbili, na kuwe na chupa zenye mmumunyo bila udongo ili ujue kama fosfati inashika kwenye plastiki. Matone mawili ya kloroformu huzuia vijidudu visile fosfati na kukuharibia hesabu. Tikisa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa siku 6, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, halafu chuja.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni uchafu. Sabuni nyingi za unga zina fosfati, na chupa iliyooshwa kwa sabuni kisha ikasuuzwa kwa haraka inaweza kubeba fosfati kuliko mmumunyo wa udongo wako wenyewe. Osha kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 na usuuze kwa maji yaliyokenekwa.

Fosfati iliyobaki kwenye mmumunyo hupimwa kwa njia ya Murphy na Riley ya mwaka 1962. Molibdeti ya amonia, asidi ya salfuriki, chumvi ya antimoni na asidi askobiki, yaani vitamini C, huungana na fosfati na kuzaa rangi ya buluu ambayo kina chake husomwa na spektrofotomita kwenye nanomita 880 hivi. Changanya kitendanishi siku hiyohiyo unayokitumia. Subiri kama dakika 10 hadi 30 rangi ikomae, na usome sampuli zote ndani ya muda unaolingana.

Kiasi kilichonaswa hakipimwi moja kwa moja, bali hupatikana kwa kutoa:

S = (C₀ − C) × V ÷ m

ambapo C₀ ni ukolezi ulioweka, C ni uliobaki, V ni ujazo wa mmumunyo na m ni uzito wa udongo. Tuseme uliweka miligramu 20 kwa lita na zikabaki 0.4. Tofauti ya 19.6 ukiizidisha kwa lita 0.03 na kuigawa kwa kilo 0.003 unapata miligramu 196 za fosforasi kwa kila kilo ya udongo. Sasa chukua mchanga uliowekwa 20 zikabaki 19. Ikiwa kila usomaji una shaka ya asilimia 2, tofauti ya 1 ina shaka ya takriban 0.55, yaani zaidi ya nusu ya jibu lenyewe. Chupa hiyo haikukuambia kitu. Udongo unaonasa kwa nguvu una tatizo la upande wa pili: C inakaribia kikomo cha chini cha kifaa, na hapo ndipo mmea unapoishi. Ikibidi ubadili uwiano wa udongo na mmumunyo, ubadili kwa sampuli zote unazotaka kulinganisha, kwa sababu uwiano wenyewe hugusa matokeo.

Kumbuka pia kwamba udongo haukuanza mtupu. Chupa ya kiwango cha sifuri kwa kawaida hutoa S hasi kidogo, kwa kuwa fosfati iliyokuwemo tangu awali imetoka. Usiifute namba hiyo wala usiifanye kuwa sifuri. Inaingia kwenye modeli kama q, kiasi kilichokuwa kimenaswa kabla hujaanza.

Kuchagua mlinganyo

Ukichora S dhidi ya C unapata mkunjo unaopanda kwa kasi mwanzoni kisha unalala. Milinganyo miwili hutawala maandishi. Wa Langmuir husema S = Smax × K × C ÷ (1 + K × C), ambapo Smax ni kikomo cha uwezo wa udongo na K ni nguvu ya kushika. Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani, aliuchapisha mwaka 1918 akishughulikia gesi juu ya kioo, maika na platini, na masharti yake yanaonyesha asili hiyo: nafasi zote zilingane, tabaka liwe moja, na kinachoshikwa kiweze kuachiliwa kwa njia ileile. Udongo hautimizi hata sharti moja kati ya hayo. Wa Freundlich ni S = a × Cᵇ, na ukiongeza fosfati ya awali unakuwa S = a × Cᵇ − q. Hauna kikomo cha juu, na a na b havina maana ya kikemia iliyo wazi, lakini hukubali kwamba nafasi za kushika hazilingani nguvu, jambo ambalo ni kweli.

Mimi huanza na Freundlich kila mara, na huhamia Langmuir pale tu swali linapohitaji kikomo, kwa mfano mtu anapotaka kujua shamba linalomwagiwa samadi ya kuku mwaka hadi mwaka litajaa lini. Hata hapo Smax huongezeka ukipanua mfululizo wa viwango, kwa hiyo si kikomo cha asili bali ni kikomo cha jaribio lako.

Kuhusu kupata thamani za vigezo, acha ile desturi ya kuchora C ÷ S dhidi ya C ili upate mstari mnyoofu. C iko pande zote mbili za mchoro, na hata data mbovu hutoa mstari unaopendeza wenye r² (kipimo cha jinsi mstari unavyokaa kwenye data) ya juu. Tumia njia ya miraba midogo zaidi isiyonyoosha mlinganyo: amri ya nls katika programu ya R, curve_fit katika Python, au Solver ndani ya Excel. Mpe kompyuta makadirio ya kuanzia yenye akili, kama vile b ya 0.4, na uandike upeo wa shaka wa kila kigezo. Kisha chora mabaki, yaani tofauti kati ya data na mlinganyo. Yakipanda na kushuka kwa mpangilio badala ya kutawanyika, mlinganyo haufai hata kama r² ni 0.99.

Kuna kishawishi cha kuongeza vigezo, hasa kutumia Langmuir mbili pamoja na kudai kwamba udongo una aina mbili za nafasi. Garrison Sposito wa California alionyesha kwa hesabu, mwaka 1977 na 1982, kwamba mlinganyo wa Langmuir unaweza kukaa vizuri kwenye data za kuganda kwa madini bila kuwepo unasaji wowote wa usoni, na kwamba kukaa vizuri kwa Langmuir mbili hakuthibitishi kuwepo kwa nyuso mbili. Mkunjo unaelezea chupa. Anayetaka kujua kifungo chenyewe atumie vifaa vinavyoona kifungo, kama miale ya infraredi.

Kusoma jibu

Turudi kwenye mfano wetu, na tuseme Freundlich imetoa a ya 283 na b ya 0.4, q ikiwa ndogo. Fox na Kamprath walichukua miligramu 0.2 za fosforasi kwa lita kama kipimo cha kulinganishia, wakiona kwamba mimea mingi haihitaji zaidi ya hapo. Kwa udongo huu, kufikia 0.2 kunahitaji 283 × 0.2⁰·⁴, sawa na miligramu 149 kwa kilo. Tabaka la sentimita 15 lenye uzito wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo lina kilo milioni 1.8 za udongo kwa hekta. Kwa hiyo zinahitajika takriban kilo 267 za fosforasi, ambazo kwa TSP yenye asilimia 20 ya fosforasi ni mifuko 27 ya kilo 50. Namba ya aina hii ndiyo iliyochochea, katika miaka ya 1990, wazo la kuijaza ardhi ya magharibi mwa Kenya fosforasi kwa mkupuo mmoja kama mtaji, wazo lililopigiwa debe na Pedro Sanchez alipokuwa mkurugenzi mkuu wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto jijini Nairobi. Mkulima mdogo anayenunua mbolea kwa kilo dukani hana mtaji huo.

Lakini mlinganyo uleule unaonyesha njia nyingine. Chukua kilo 26 za fosforasi kwa hekta. Ukizitawanya sawasawa katika tabaka lote, kila kilo ya udongo inapata miligramu 14.4, na Freundlich inatabiri ukolezi wa karibu miligramu 0.0006 kwa lita. Ukiziweka katika asilimia 5 tu ya udongo, yaani kwenye mashimo ya kupandia, udongo wa mashimo hayo unapata miligramu 289 kwa kilo na ukolezi unafika takriban 1.05. Mbolea ni ileile. Ukolezi umeongezeka karibu mara 1,800, kwa kuwa C hupanda kwa kipeo cha 1 ÷ b, na 20 kwa kipeo cha 2.5 ni 1,789. Hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma ya ushauri wa kuweka kifuniko cha chupa ya soda kwa kila shimo. Itumie kwa tahadhari mbili. Thamani ya 0.0006 iko chini kabisa ya mahali ulipopima, kwa hiyo ni ubashiri wa mlinganyo na si kipimo, na mizizi nayo itanywa kwa uhuru katika sehemu ndogo tu ya ardhi.

Mteremko wa mkunjo, a × b × C⁽ᵇ⁻¹⁾, ndio uwezo wa udongo wa kuhimili mabadiliko ya ukolezi. Katika mfano huu ni 297 kwenye 0.2 na 75 kwenye 2. Udongo wenye mteremko mkali hupokonya mbolea, lakini pia huijazia mizizi polepole kile inachonyonya. Mchanga wa pwani una tabia iliyo kinyume, na ndio unaoweza kuvujisha fosfati kwenda kisimani.

Muda

Siku 6 ni makubaliano ya kimaabara, si mwisho wa mmenyuko. Fosfati hunaswa kwa wingi katika saa za kwanza, kisha huendelea kuingia polepole ndani ya vinyweleo na kasoro za chembe kwa miezi na miaka. N. J. Barrow wa Australia aliingiza jambo hilo kwenye Freundlich kwa kuongeza kipeo cha muda, S = a × Cᵇ × tᵐ, na mwaka 1983 akachapisha modeli kamili zaidi inayounganisha chaji ya uso na kupenya huko kwa polepole. Ili upate m, rudia jaribio kwa saa 1, siku 1, siku 6 na siku 30 kwa nyuzijoto moja; joto likipanda, kupenya huenda kwa kasi zaidi, na chumba kisichodhibitiwa huko Morogoro hakitatoa namba sawa na za Kabete. Kupenya huku pia ndiko kunakofanya njia ya kurudi iwe tofauti na ya kwenda: ukizimua mmumunyo, udongo hutoa kidogo kuliko mkunjo wa kunasa unavyoahidi. Asiyepima utoaji asitumie mkunjo wa unasaji kutabiri utoaji.

Pale mkunjo usipotosha

Kama huwezi kufanya jaribio kamili kwa mamia ya sampuli, pima chuma na alumini zinazoyeyuka katika oksaleti ya amonia yenye pH 3, gizani, zikadirie uwezo wa udongo wa kunasa. Waholanzi van der Zee na van Riemsdijk walitumia njia hiyo kwa mchanga wa Uholanzi ulioshiba samadi: waligawa fosforasi iliyotoka kwenye oksaleti kwa nusu ya jumla ya chuma na alumini, kwa moli, na asilimia 25 ikawa mpaka wa tahadhari kwa maji ya ardhini. Usiibebe nusu hiyo wala asilimia 25 hiyo hadi Kakamega bila kuzipima upya. Oksaleti hutoa hasa chuma kisicho na fuwele, ilhali katika udongo mkongwe wa tropiki sehemu kubwa ya chuma iko katika goethiti na hematiti zenye fuwele, ambazo huhitaji dithionaiti ili ziyeyuke.

Swali likihusu pH, chumvi au ushindani wa fosfati na asidi za mimea, kwa mfano zile zinazotoka kwenye majani ya alizeti pori yanayooza, Freundlich haina la kusema, maana haijui kemia. Hapo tumia modeli za miungano ya usoni kama CD-MUSIC ya Hiemstra na van Riemsdijk, au ya Dzombak na Morel iliyomo ndani ya programu ya PHREEQC, inayopatikana bure kutoka idara ya jiolojia ya Marekani. Zinahitaji eneo la uso la oksidi, na namba hiyo ndiyo ngumu kuipata kwa udongo halisi kuliko nyingine zote.

Kwa bonde zima la mto, kama yale yanayopeleka udongo ulionasa fosfati hadi Ziwa Viktoria, wanamodeli hutumia SWAT, programu ya kumithilisha mabonde ya mito, ambayo humithilisha fosforasi ya madini kwa maghala matatu: ya mmumunyo, hai na tuli. Kigezo kinachoamua mgawanyo kati ya mmumunyo na ghala hai kimewekwa 0.4 kwa chaguo-msingi, maana yake kila kilo 1 inayopatikana inasimama mkabala na kilo 1.5 katika ghala hai, nalo ghala tuli huhesabiwa mara 4 ya hai. Kwa udongo mwekundu, 0.4 ni ukarimu uliopita kiasi. Ipime: tia kiasi kinachojulikana cha fosforasi kwenye udongo, uulowanishe na kuukausha kwa zamu, uuache kwa miezi 6, kisha gawa ongezeko la fosforasi inayopatikana kwa kiasi ulichotia, na jibu hilo liingie kwenye modeli badala ya 0.4.